Tonge la Dada

Kila asubuhi Milembe alifungua kinywa kama kinda, na mama yake akamtia kijiko. Kijiko kimoja tu cha chai, cha asali nyeusi inayovutika. Akishakilamba alifumba macho, akatikisa kichwa, akasema neno lile lile.

"Msumari."

"Meza," Limi alimwambia.

"Nimemeza. Lakini mama, ladha yake ni msumari kweli. Bibi, si ni msumari?"

Bibi Kulwa, mama mkwe wa Limi, alikuwa kwenye kigoda chake karibu na moshi, anakunywa uji kwenye bakuli lake mwenyewe. Meno yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo alikuwa hajala sinia moja na wengine siku nyingi. "Mimi usiniulize," alisema. "Asali niliyoijua mimi ilitoka kwenye maua ya mti wa mtundu, kule porini. Hiyo yenu imetoka kwenye lori."

Kwenye mkeka, Kashindye alinyoosha mikono yote miwili kuelekea kijiko. Alikuwa mtoto wa kukaa, bado hajatambaa, na kila alichokiona kikienda kinywani mwa dada yake alikitaka na yeye.

"Wewe bado," Limi alisema, akakiinua kijiko juu. Alikiosha kwa majivu na maji ya moto, akakiosha tena, akakitundika mahali ambapo hata Milembe akipanda kigoda hafiki. Kila mama wa Itimbya alifanya hivyo. Kwenye ukuta wa zahanati palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama mbuzi: KICHANGA HALAMBISHWI. Asali yoyote, hata ile ya zamani ya porini, mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi. Ndani yake mnaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliwezi kupambana navyo. Mtoto analegea shingo, kisha analegea pumzi. Hilo Limi alilishika kama anavyoshika jina lake.

Alipomlaza mtoto amfunge nepi, akaona kishikizo.

Watoto wa Itimbya walibandikwa kishikizo mara tu wakishakatwa kitovu. Kilikuwa kidogo, kama cha shati, kikakaa chini ya kitovu kikisikiliza tumbo kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani. Kwa kichanga hakiwaki kitu, kinabaki cheusi, kwa sababu wapangaji, wale wadudu wa asali, hawajaingia. Mtoto akishaanza asali, kinawaka kijani. Kikiwa cha njano, maana yake wapangaji wamo na wana njaa. Chekundu hakuna mama aliyependa kukizungumzia.

Cha Kashindye kilikuwa cha njano.

Limi alikifuta kwa upindo wa kanga, akidhani ni uji umedondokea. Hakikufutika.

*

Zahanati ilikuwa na daktari mmoja, Pendael, mwanamke wa milimani aliyekuja na Mpango wa Mzinga akiwa amevaa sweta, akalivua wiki ya kwanza na hajalivaa tena. Watu walimpenda. Alijua majina ya watoto, na akidanganywa hakugomba. Alikaa kimya mpaka mtu aone aibu mwenyewe.

Alimlaza Kashindye mezani, akaweka kioo juu ya kishikizo, akasoma. Akakisogeza, akasoma tena.

"Amelambishwa?"

"Hajalambishwa, daktari."

Daktari akakaa kimya.

"Kaa kimya mpaka jioni," Limi alisema, "hajalambishwa. Kijiko nakitundika mimi. Kopo nalifunga mimi. Hata kunyonyesha nanawa kwanza."

"Anakaa na nani ukiwa shambani?"

"Bibi yake. Na dada yake akitoka shule."

"Analishwa chakula cha wakubwa?"

"Hana meno, atakilaje?"

Daktari alimgeuzia kile kioo. Ndani yake vidoa vya njano vilikuwa vinahangaika kama siafu waliokatiwa njia. "Unawaona? Hawa hawakuja kwa upepo, Mama Milembe. Mtu amewaleta."

Limi hakuhitaji kuelezwa wapangaji ni nani. Kila mama alifundishwa kabla hajapokea kopo la kwanza. Hewa ile ile inayokitia chuma kutu, ndiyo inayoutia na mwili. Mwili una namna yake ya kujikwangua, lakini unataka madini ya zinki, unataka ya seleni, na udongo wa Itimbya baada ya miaka ya joto haukubakiwa na kitu. Mhogo ulikuwa mhogo kwa macho tu. Watoto wakawa wanazeeka kabla ya kukua, kidonda cha mwiba kinakaa msimu mzima. Ndipo Mpango ukaja. Nyuki wakawekewa vihori vya maji ya sukari yaliyotiwa madini, wakanywa, wakayageuza kuwa asali. Na ndani ya asali wakatiwa wadudu waliotengenezwa na watu, wadudu wa kukaa utumboni. Hao walikula yale madini, na kwa kulipa kodi ya nyumba wakakwangua kutu kutwa nzima.

Kwa watoto wengine asali ile ilikuwa nguvu. Kwa Milembe ilikuwa uhai. Alizaliwa na selimundu. Kabla ya asali, ukibadilika upepo tu mtoto alishikwa na maumivu ya mifupa. Hakulia kwa sauti, alilia kwa ndani, anauma kona ya shuka, na Limi akimgusa mguu anaambiwa, "Mama, usinishike, unaniunguza." Sasa Milembe alikuwa anaruka kamba na wenzake, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kutoka.

"Ni wapangaji wazuri," daktari alisema, "lakini lazima wale. Wasipoipata asali wanaanza kubandua plasta."

"Plasta gani?"

"Ukuta wa utumbo. Wanautafuna."

Limi alimtazama mwanawe, aliyekuwa anavuta mrija wa daktari na kucheka peke yake. "Basi nimpe asali wale."

Alipokwisha kusema akasikia alichosema.

"Ndiyo hapo," Pendael alisema taratibu. "Hawezi kupewa, ni kichanga. Na asipopewa, ukuta wake ni mwembamba kama karatasi ya sigara. Nenda nyumbani ukaniangalizie. Nataka kujua wameingilia wapi, kabla sijagusa kitu."

*

Njia nzima Limi alikuwa na mtu mmoja tu kichwani, na mtu huyo alimkuta pale pale alipomwacha.

"Mayo," alisema, kama alivyomwita mama mkwe wake siku zote, "umemlambisha mtoto."

Bibi Kulwa aliinua uso. "Nimemlambisha nini?"

"Asali. Ana wapangaji."

"Ile ya msumari? Mimi mwenyewe siitii mdomoni, nimpe mjukuu?" Alicheka kidogo, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. "Limi. Nilikupokea hapa hujui hata kupika mlenda, unauacha unakuwa maji. Nikanyamaza. Leo umeniita mwuaji."

"Sijasema mwuaji."

"Umesema kwa macho. Kinywa kimeogopa."

"Nani mwingine anabaki naye?"

"Kuku," Bibi Kulwa alisema. "Waulize kuku."

Mchana ule Limi aliaga kwamba anakwenda kuchota maji, akaacha ndoo nyuma ya nyumba, akasimama kwenye pembe ya jiko ambapo udongo umebomoka na mtu anaweza kuona uani bila kuonekana. Hakujisikia vizuri kumvizia mama wa mumewe. Lakini alisimama.

Bibi Kulwa alimbembeleza mtoto, akamwimbia, akampangusa kamasi. Kijiko kilikuwa juu, kimetulia. Hakukitazama hata mara moja.

Milembe akarudi shule. Akatupa mfuko, akanawa mikono bila kuambiwa, akakaa kwenye mkeka akampakata mdogo wake. "Leo umekula nini, wewe mnene?"

"Hajala kitu," bibi alisema. "Mama yake amevuruga siku. Chukua matobolwa kwenye sufuria. Mtafunie mwenzio, mimi yangu yalishaniaga."

Milembe alichukua kipande cha kiazi kilichochemshwa kikakaushwa, kile kigumu kinachovutika, akatia na karanga tatu. Akatafuna. Alitafuna kwa makini, mashavu yakizunguka, macho kwa mdogo wake, naye Kashindye alikuwa anatafuna hewa pamoja naye. Kilipokuwa laini kabisa, alikitoa kwa ncha ya kidole akamtia mtoto mdomoni, kidogo kidogo, na kilichobaki kidoleni akakilamba mwenyewe.

"Mate bado machache," bibi alisema. "Kiache kilainike, asipaliwe."

"Nimelainisha, bibi. Angalia anavyomeza."

Sikia vizuri hapa, wewe mwenye mtoto mgongoni. Hapo Itimbya kitu hiki hakikuitwa kulisha. Wala hakikuitwa chakula cha wakubwa. Kiliitwa kutafunia, na kila mtu aliyekuwa hai pale alitafuniwa na mtu: na bibi, na shangazi, na dada. Mtoto aliyetafuniwa na dada yake, watu walimtania ukubwani kwamba hawezi kumkatalia dada huyo kitu. Watu wa Mpango waliuliza maswali mengi, wakaandika ukuta mzima, lakini neno hilo hawakuwa nalo. Waliuliza, "Amelambishwa?" Hakuna aliyewahi kuuliza, "Ametafuniwa?" Na Limi, aliyeapa mbele ya daktari, alisema kweli tupu.

Alitoka kwenye pembe ya jiko. Alidhani atapiga kelele, sauti ikatoka ndogo.

"Milembe. Tema."

Msichana aligeuka, shavu limejaa. "Nini?"

"Tema hicho. Usimpe."

"Ni matobolwa tu, mama."

"Najua ni nini."

Milembe alitema kwenye kiganja, akabaki amekishika, hajui akiweke wapi. Kashindye alinyoosha mkono akikitaka. Bibi Kulwa alimtazama mkwewe, akamtazama mjukuu, akatazama kile kijiko kule juu. Kisha akauliza, na safari hii hakukuwa na mzaha:

"Kwani kutafunia nako ni kulambisha?"

*

Pendael alikuja jua likiwa bado lipo. Mihayo, baba wa watoto, alikuwa ndiyo kwanza ametoka mizingani, nguo zinanuka moshi na sukari. Kazi yake ilikuwa kujaza vihori. Zamani baba yake alifuata asali porini kwa kumfuata ndege. Yeye nyuki wake hawakwenda mbali tena, maua yalikuwa yamekuwa ya kubahatisha. Walikaa kwenye vihori wakisubiri mguu wake.

Daktari alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka. Alipoelezwa, alishika paji la uso.

"Mate," alisema. "Wapangaji wanabaki kwenye mate. Tulipima udongo wa kila kata. Tulipima maji. Tulipima mpaka mavi ya ng'ombe. Mate hatukupima."

"Sasa tunafanyaje?" Mihayo aliuliza.

"Njia zipo. Hakuna nzuri." Aliongea akiwatazama wote wawili kwa zamu. "Ya kwanza, Mpango umetengeneza maji ya mzinga, ya vichanga. Ni asali iliyopikwa kwa mvuke mkali kuua vile vijidudu vinavyolegeza watoto. Mtoto anakunywa, wapangaji wanashiba, kishikizo kinakuwa kijani. Anakuwa kama dada yake."

"Basi tuchukue," Mihayo alisema. "Wawe sawa."

"Hayajajaribiwa vya kutosha. Nikuambie ukweli, wanatafuta watoto wa kuanzia. Nimeajiriwa niwaambie mchukue. Nimewaambia."

"Na nyingine?" Limi aliuliza.

"Kumwosha. Kuna dawa inafukuza wapangaji wote. Lakini ukuta wake unaweza kuvumilia mara moja tu. Wakirudi tena sitamwosha, nitakuwa namwua. Na watarudi, kwa mate, kwa kikombe, kwa mkono uliotoka mdomoni ukaingia kwenye sinia. Kwa hiyo Milembe asile naye, asilale naye, asimbusu. Mpaka mtoto awe na meno ya kutafuna na tumbo lake lijae wenyeji wake mwenyewe. Mwaka, na zaidi."

"Si tumtenge huyo mdogo? Hata hajui."

"Wiki ijayo anatambaa, Baba Milembe. Sinia yenu iko chini. Utamfunga kamba? Mkono wa kuondoa kwenye sinia ni ule unaoelewa ukiambiwa."

"Na sisi mbona tunakula naye miaka yote?"

"Tumbo la mtu mzima limejaa wenyeji. Mgeni akija hapati chumba. Vyumba vitupu vipo kwa kichanga, na kwa mzee sana."

"Mzee sana ni nani?" Bibi Kulwa aliuliza kutoka kwenye kigoda.

Limi alikuwa na swali lililokuwa linamkwama, akalisukuma. "Na Milembe? Akioshwa yeye?"

"Ataoshwa vizuri, ni mkubwa. Kutu itarudi. Na mifupa."

Waliisikia kamba ya Milembe nje ya ua, inapiga ardhi, inapiga ardhi, na sauti za wenzake zikihesabu.

Mihayo alisogea karibu na mkewe. "Mama Milembe, sikiliza. Mimi nawaona watoto wa asali kila siku. Hawaumwi. Wakianguka wanainuka. Kwa nini mmoja awe hivi, na mwingine abaki na kutu kama sisi?"

"Unakumbuka masika?" Limi alisema.

Mihayo aliikumbuka. Masika daraja la Mto Wala lilikwenda na maji, lori likakwama ng'ambo. Vihori vikakauka, nyuki wakanyamaza. Makopo yakaisha nyumba moja baada ya nyingine. Kishikizo cha Milembe kikawa cha njano, kisha siku moja jioni kikawa na wekundu pembeni. Alijikunja kama kamba. Alitapika kitu chembamba chenye nyuzi za damu. Wanaume wote wa Itimbya, Mihayo akiwa mbele, waliingia mtoni, maji yakiwafika kifuani, wakapokezana mitungi ya madini. Walifika. Safari ile walifika.

"Nina mtoto mmoja amening'inia kwenye lile lori," Limi alisema. "Unataka nimning'inize na wa pili?"

"Na ukimtenga Milembe? Hapa? Unajua watu hapa wanamtengea nani sahani?"

Alijua. Anayetengewa sahani ni mchawi, au mtu aliyeapizwa, au mwenye kosa ambalo halitajwi mbele ya watoto. Ndugu wakigombana watarushiana maneno, watarushiana hata majembe, lakini jioni mikono inaingia sinia moja, na hapo ugomvi umekwisha bila mtu kuomba radhi. Mama yake Limi alikuwa na mdogo wake aliyetengewa sahani. Mdogo huyo alikufa akiwa kijana, na aliyeiosha maiti alisema hakuona ugonjwa.

Daktari alisimama, akafuta vumbi kwenye sketi. "Nina mama wengine kwenye vijiji vya jirani. Nikitoka hapa naanza kuwauliza neno hilo lenu. Nadhani majibu nayajua." Alimgusa Kashindye shavu, kisha akautazama mkono wake kama mtu aliyeogopa kitu. "Nijibuni kesho. Njano haikai siku nyingi."

*

Kesho yake mtoto alioshwa. Alilia mpaka sauti ikaisha, akalala, akaamka na kishikizo cheusi. Limi alikibusu kile cheusi. Baadaye akajiuliza kama midomo yake ilikuwa safi, akakifuta.

Kisha ikafika saa ya kula.

Limi alisonga ugali kama kawaida. Aliupakua nusu kwenye sinia. Akachukua sahani ya bati ya bluu, ile ya wageni, isiyokuwa na hata mkwaruzo, kwa sababu alitaka angalau iwe nzuri. Akaweka ugali, mlenda, na kipande kikubwa cha samaki. Akaipeleka upande wa pili wa ua, karibu na kigoda cha bibi, mbali na mkeka. Akaweka na kikombe chake.

Milembe alikuja amenawa, anakung'uta maji kwenye vidole. Akakaa kwenye sinia, mahali pake, kushoto kwa baba.

"Chako kile pale, mama," Limi alisema.

Milembe aliangalia. "Kuna mgeni?"

"Ni chako."

"Kwa nini?"

Limi alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi, ya wapangaji na kuta na plasta. Aliyatoa yote. Aliyasema vizuri kuliko daktari. Milembe alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kama anavyotikisa darasani, na alipomaliza akauliza:

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Nilinawa mikono. Kila siku nilinawa."

"Najua ulinawa."

"Bibi ndiye aliniambia nimtafunie."

"Hakuna aliyekosa, Milembe. Nenda ukale."

Mihayo alikuwa ameinamia sinia, tonge mkononi, hajalipeleka popote. Msichana aliinuka. Njia ile fupi aliikata kama mtu anayepita mbele ya watu wengi. Akakaa mbele ya sahani ya bluu, akaikunja miguu, akatazama samaki. Hakugusa.

Ndani Kashindye aliamka, akaanza kulia, kilio kile cha njaa ambacho nyumba nzima inakijua. Milembe aliinuka nusu kabla hajafikiri, mkono tayari unatafuta matobolwa. Akakumbuka. Akakaa tena, taratibu, akaficha mikono katikati ya magoti.

Limi aliingia, akamchukua mtoto, akatoka naye kifuani. Kashindye alipomwona dada yake aliacha kulia. Akanyoosha mikono yote miwili. Limi akamgeuza upande wa pili.

"Sogeza hiyo," Bibi Kulwa alisema.

Alikuwa ameweka bakuli lake la uji chini. Alivuta kigoda, mguu kwa mguu, kikikwaruza ardhi, mpaka akafika kwenye ile sahani ya bluu. Akanyoosha vidole vyake vilivyopinda, akakata tonge, akachovya mlenda, akalitazama.

"Gumu," alisema. "Mama yako akikasirika ugali wake unakuwa tofali."

"Mayo," Limi alisema.

"Nini?"

"Umesikia alichosema daktari. Vyumba vitupu. Wakiingia kwako itabidi uilambe asali, kila asubuhi. Na lori lisipokuja..."

"Nimesikia. Sina meno, masikio ninayo." Hakumtazama. Alikuwa anamtazama mjukuu wake. "Mtu hali peke yake kwenye ua huu nikiwa nimekaa. Wewe mlinde huyo wako, umefanya vizuri, sikulaumu. Niachie huyu."

Akampa Milembe lile tonge.

"Nitafunie. Bibi yako hana meno."

Milembe alilipokea. Alilitia mdomoni na kuanza kutafuna, kwanza taratibu, kisha kwa makini yake yale, mashavu yakizunguka. Machozi yalishuka, hakuyafuta, aliendelea kutafuna. Lilipokuwa laini kabisa akalileta kwenye ncha ya kidole. Bibi Kulwa akafungua kinywa, kitupu, chekundu, kama kinda.

Lakini Milembe hakumpa. Alisimamisha mkono hapo hapo hewani, akageuza uso upande wa pili wa ua, akamtazama mama yake asikie atasemaje.

Mihayo naye alimtazama. Limi alikuwa amesimama, mtoto akimsukuma kifua kwa viganja vyote viwili, anataka kugeuka. Angeweza kusema tema. Neno lilikuwa pale pale, lilikuwa limemtoka jana na linajua njia. Alitazama sahani ya bluu, akahesabu moyoni makopo yaliyobaki rafuni, akatazama mawingu upande wa mtoni.

"Lainisha vizuri," alisema. "Asipaliwe."